Karatasi Nilizosema Hazina Kitu

Sanduku la bati la Baba tulilifungua wiki mbili baada ya mazishi. Nilitegemea harufu ya naftalini na ugoro, kilichotoka ni harufu ya mafuta ya karanga yaliyochacha. Nyuma yangu watu wazima watatu walikuwa wakibishana nani achukue koti lake la mvua, hapa Dodoma, mahali ambapo mvua yenyewe hubembelezwa. Niliwaomba wanyamaze. Hawakunyamaza. Chini kabisa, ndani ya daftari lake la mnadani, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliikunjua nikaona doa la mafuta pembeni, katikati kitu cha kijivu hafifu ambacho mtu mwingine angedhani ni vumbi, na kando yake mistari ya penseli. Kila baada ya mistari kumi palikuwa na jozi ndogo ya pembe za ng'ombe. Nilikaa palepale sakafuni, na mzee mmoja akaniambia nisijikaze, nilie tu. Sikuwa nataka kulia. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo bado ninayo, ingawa nimeigawa vizuri kwa wanaostahili, na fungu kubwa nimejiwekea mwenyewe.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Msalato, kabla mtu yeyote hajaota kwamba ndege zingetua kule. Kulikuwa na mashamba ya uwele, vichaka vya miiba, na upepo wa Juni ambao sijawahi kuusamehe. Ukianika shuka asubuhi, saa nne unaikuta kwa jirani. Baba alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani. Alikuwa akimtazama mnyama mara moja tu, akiwa amesimama palepale, kisha anataja uzito wake. Wenzake walizunguka, wakapapasa mbavu, wakainamia miguu. Baba hakuzunguka. Akisha kusema, amesema, na watu walimwamini kwa sababu hakuwahi kurudisha neno lake, hata siku alizokosea. Dalali anayebadilisha kauli, alisema, bora akauze nyanya.

Shida ni kwamba nyumbani pia alitutazama hivyohivyo. Mimi nilipokuwa na miaka minne nilihesabu mbuzi wote zizini bila kukosea, naye akasema, "Huyu ana kichwa." Dada yangu Nyemo, aliyenizidi miaka mitano, Baba alimtazama siku fulani ambayo hata Mama haikumbuki, akasema, "Huyu ni wa mikono." Basi. Mzani ukafungwa.

Lazima niseme ukweli kuhusu Dada Nyemo: alikuwa anachosha. Ukimuuliza saa ngapi, alitazama jua, kisha akatazama saa ya ukutani, kisha akakutazama wewe, kama anayepima kama kweli unahitaji kujua. Alikuwa akiosha sahani moja mpaka mimi nimemaliza sufuria. Ukimuuliza kama ameshiba alifikiri kwanza. Kwenye mtihani wa maswali kumi alijibu manne, yote sahihi kabisa, kisha kengele ikalia. Alikuwa anarudia kidato cha pili kwa sababu hiyo, na Baba alikuwa ameshatangaza: ripoti ya Juni ikiwa mbaya tena, Nyemo anakwenda Hombolo kwa Shangazi, kwenye shamba la zabibu, na shule ndiyo imeisha. Ripoti ilikuja. Ilikuwa mbaya. Mama aliomba, Baba akasema atatoa neno likizo ikiisha. Kwa hiyo mwezi ule wote Dada Nyemo aliishi akisubiri neno, na mimi, mwenye miaka kumi na moja, nilimwonea haya kwa wenzangu.

Chumba cha uani alikuwa amepanga Kaka Idi, kijana Mrangi wa Kondoa aliyekuwa anasoma chuo kikuu. Alikuwa mwembamba, mpole, anaswali kwa wakati, na Mama alimpenda kwa sababu alirudisha vyombo vikiwa vimeoshwa. Mimi aliniudhi. Kaka Idi alikuwa hawezi kujibu swali. Ungemuuliza kama kesho ni siku ya kazi angesema, "Inategemea." Siku moja nilimkuta ametandaza karatasi kitandani, kila moja ina doa moja jeusi kwenye weupe, nikamuuliza kama ni alama za vidole za wezi. Alicheka mpaka akakaa.

"Kila moja hapo ni galaksi," alisema. "Mkusanyiko wa nyota, mabilioni kwa mabilioni."

"Nyota ni nyeupe."

"Tumechapa kinyume. Mwanga tumeufanya mweusi, giza tumelifanya jeupe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jicho linaona haraka zaidi uchafu kwenye weupe kuliko weupe kidogo kwenye giza."

Hilo nilikubali, kwa sababu nilikuwa na sare ya shule na nilimjua Mama. Lakini niliendelea kukasirika kwamba mtu mzima amesafiri kutoka Kondoa kuja kusoma madoa. Kaka Idi alichukua karanga iliyokaangwa, akaibana kwenye kipande cha karatasi kwa kidole gumba. Pakatokea tone dogo la mafuta lililokoza. Kisha akalisugua likaenea, likapauka mpaka ukingo wake ukawa haujulikani.

"Mafuta ni yaleyale," alisema. "Yakikaa mahali padogo yanakoza. Yakienea yanapauka. Galaksi ni hivyo. Haitoshi kuniambia ina mwanga mwingi au mdogo. Niambie umeenea eneo gani, na kila mraba wa eneo hilo umekoza kiasi gani. Hapo ndipo nitaanza kujua imeishije."

"Kwa hiyo zilizopauka ndiyo zimezeeka?"

"Inategemea."

"Kaka Idi!"

"Kweli inategemea, Profesa. Nyingine imezaliwa pana. Nyingine ilikuwa ndogo na kali, ikawa inameza majirani zake, ikatanuka. Ndiyo maana tunapima."

Profesa lilikuwa jina alilonipa kwa utani, na mimi nililivaa kama cheo. Lakini nilikwisha kujijibu. Zilizopauka zilikuwa zimezeeka, zinakufa, zimechoka, na zile ndogo zilizokoza zilikuwa changa na zenye akili. Nilikuwa na mfano wa kila aina ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Wiki ileile Kaka Idi akaletewa habari kwamba mama yake anaumwa. Alitakiwa aende Kondoa mara moja, na kazi yake ilitakiwa chuoni siku mbili baada ya kurudi. Kompyuta ya idara ilikuwa imeshapima picha hizo, lakini mwalimu wake alitaka zipimwe pia kwa mkono na kwa macho, kwa kuwa kompyuta, alisema, huruka vitu. Kaka Idi alinikabidhi karatasi arobaini, karatasi ya plastiki yenye mistari ya grafu ya kuweka juu yake, na kadi yenye rangi sita kutoka nyeupe hadi nyeusi. Kwa kila galaksi nihesabu miraba iliyofunikwa, kisha nilinganishe weusi wa miraba hiyo na kadi. Nijaze jedwali. Alikuwa ameshika mfuko wake begani tayari.

"Katikati ni rahisi," alisema. "Nenda taratibu pembezoni. Ukingo ndio kazi yenyewe."

Nilimaliza kwa alasiri mbili. Nilihesabu kilichokuwa cheusi, nikaacha kisichokuwa cheusi, nikaandika kwa kalamu ya wino ili ionekane ya kiofisi. Karatasi nane hazikuwa na kitu kabisa. Nilizitazama mbele na nyuma, nikaona weupe wenye uchafuuchafu wa mashine, na mbele ya namba zake nikaandika: hakuna kitu. Kisha nikampa Mama zile nane, kwa kuwa alikuwa amelalamika asubuhi kwamba hana karatasi za kufungia karanga. Nilijiona mtoto mwema sana.

Mama alikuwa anakaanga karanga na chumvi kila siku ya mnada. Alikunja karatasi zile kuwa vifuko vyenye ncha chini, akavijaza, akavipanga kwenye sinia. Dada Nyemo alikuwa amekaa kando anapepeta zilizobaki. Alichukua kifuko kimoja akakitazama. Akaendelea kukitazama. Mama akamwambia apeleke sinia nje, yeye bado anatazama.

"Hii ina kitu," alisema.

"Ni mafuta ya karanga," nikamwambia.

"Mafuta yapo huku." Alimwaga karanga kwenye bakuli, akakunjua karatasi na kuigeuza. "Mafuta yanatokeza nyuma. Hiki hakitokezi."

Nilimwambia aache ujinga. Hakuharakisha. Alichukua vifuko vyote, kimoja kimoja, akamwaga karanga, akanyoosha karatasi kwenye goti. Mama alipiga kelele kwamba watu wanaanza kupita na yeye hana kitu cha kuuza. Dada Nyemo alisema, "Samahani Mama," akampa kurasa za daftari lake la jiografia, akaondoka na zile nane kwenda stoo ya uwele. Alichana daftari lake la shule. Mama alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye nina maelezo.

Stoo ilikuwa chumba cha tope kisicho na dirisha. Dada Nyemo alikaa juu ya gunia, mlango akauacha wazi kidogo tu, na hakufanya chochote kwa muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Alikuwa anasubiri macho yake yazoee. Halafu akaanza kuitikisa karatasi taratibu, kama anavyotikisa ungo, huku anatazama pembeni. Haitazami karatasi yenyewe! Nilisimama mlangoni nikiwa na hamu ya kupiga mtu.

"Unatazama nini?"

"Pembeni."

"Pembeni kuna nini?"

"Hakuna kitu." Alitikisa tena. "Mbuzi wa kijivu akipotea jioni, ukimtafuta humwoni. Bibi alisema utazame kichaka cha jirani yake. Hapo ndipo mbuzi anatokea."

"Hii si mbuzi."

"Ndiyo," alisema. "Sogea, unaziba mwanga."

Alianza kuhesabu. Kila mraba aliuchorea mstari wa penseli pembeni mwa karatasi, na kila kumi akachora pembe za ng'ombe, kama Baba anavyofanya mnadani. Zamani, kabla hajaitwa wa mikono, alikuwa akimfuata Baba kule na kumshikia daftari. Mimi sikuwahi kufundishwa pembe zile. Karatasi moja ilimchukua mchana mzima.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Niliingia nikampokonya karatasi, nikakaa kwenye gunia jingine, nikasubiri giza linizoee, nikatazama pembeni. Sikuona kitu. Nikatikisa. Sikuona kitu. Nikawa karibu kuitupa, na hapo hapo, nikiwa natazama mtungi wa maji, kikatokea. Kilikuwa kikubwa. Kilijaza karibu nusu ya karatasi, cha duara, kimepauka sana, na kilikuwa na mikono inayozunguka. Mle ndani nilishtuka mpaka nikashika gunia. Mimi niliyepima galaksi thelathini na mbili nilikuwa sijawahi kuona hata moja.

"Umeona?" Dada Nyemo aliuliza.

"Hamna kitu hapo," nikasema, nikamrudishia.

Alinitazama kwa muda wake uleule mrefu, kisha akaweka plastiki juu ya karatasi akaendelea.

Alipima saba kati ya zile nane. Halafu, bila kuombwa, akachukua tano kati ya zile nilizopima mimi, na kila moja ikatoka kubwa mara mbili ya nilivyoandika. Sikuwa nimekosea katikati. Nilikuwa nimeishia mahali weusi unapoishia na kudhani ndiyo mwisho wa kitu chenyewe. Matokeo yake aliyaandika kwa usafi kwenye ukurasa mwingine, namba tu, akaubana pamoja na jedwali langu. Ile ya nane hakuitoa. Nilimuuliza iko wapi akasema haijaisha. Nilimwambia atoe hivyohivyo. Akasema, kwa upole ule ule uliokuwa ukinitoa machozi ya hasira, "Haijaisha."

Kaka Idi alirudi Jumapili mchana, mama yake akiwa na nafuu. Baba alikuwa sebuleni anakunywa chai. Kaka Idi alimwamkia, "Shikamoo mzee," akakaribishwa, akaketi na kuanza kusoma jedwali langu mbele yetu sote. Uso wake ulianza kushuka. Alifungua karatasi, akalinganisha, akafungua nyingine. Alikuwa ameshaniita Profesa, na sasa hakujua jina hilo alirudishe vipi. Kisha akafika kwenye ukurasa wa pili. Aliusoma mara mbili. Akachukua karatasi moja akatoka nayo, akaingia chumbani kwake, akafunga pazia, akakaa humo mpaka chai ya Baba ikapoa. Aliporudi alikuwa karibu kukimbia.

"Hizi saba kompyuta iliziruka!" alisema. "Mzee, kompyuta iliziruka, na mimi nimezipita mara ngapi sijui. Nani amezipima?"

Nitaeleza jinsi tulivyokaa, kwa sababu nimeitazama picha hii mara nyingi. Baba kwenye kiti chake. Kaka Idi katikati ya chumba. Mimi kwenye mkeka. Dada Nyemo mlangoni na ndoo ya maji kichwani, mkono mmoja umeishika. Na likizo ilikuwa imebakiza siku nne.

"Mimi," nikasema.

Hakuna aliyenilazimisha. Neno lilitoka haraka, kama mambo yangu yote.

"Unaona?" Baba alisema. Hakuzitazama karatasi hata kidogo, alikuwa ananitazama mimi. "Huyu nilimwona tangu mdogo."

"Na hizi nyingine?" Kaka Idi aliuliza, akinyoosha jedwali langu la wino. "Samahani mzee, lakini hizi zimepimwa ovyo. Mtu ameona katikati akaondoka zake."

"Hizo ni za mkubwa wake," Baba alisema. "Huyo ni wa mikono."

Nilisubiri Dada Nyemo aseme. Kweli nilisubiri, na hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo, isivyo haki. Ningekuwa mimi ningeidondosha ile ndoo. Yeye alifikiri kwanza, kama kawaida yake, na alipokuwa bado anafikiri Kaka Idi alikuwa ameshaanza kueleza. Alieleza kwa furaha kubwa, akisahau kusema inategemea.

"Watu hudhani hizi pana zilizopauka zimechoka," alisema. "Hapana. Gesi yake imetawanyika, haijabanana, kwa hiyo nyota zinazaliwa polepole sana. Zile ndogo kali nyingi zilitumia karibu kila kitu mapema. Zikang'aa, zikamaliza. Hizi bado zina gesi yao. Bado kabisa! Na hatuzihesabu kwa sababu mbingu nyuma yake ina mwanga wake, zinazama humo, tunasema hakuna kitu." Alimgeukia Baba. "Mzee, mtoto aliyeziona hizi usimtoe shule. Hata mambo mengine yote yakikwama."

"Hatoki," Baba alisema.

Dada Nyemo alipita nyuma yake na ndoo, akaimimina kwenye mtungi. Ilichukua muda. Tulisikia maji yote yakiisha.

Baada ya siku nne alikwenda Hombolo. Alibeba mfuko mmoja na godoro. Mama alilia jikoni, Baba alikwenda mnadani mapema kuliko siku zote. Kaka Idi aliipeleka kazi yake ikiwa na galaksi thelathini na tisa, kwa sababu nilimwambia ya arobaini ilikwenda na karanga. Alisikitika kama mtu aliyefiwa na kondoo, kisha akanipa kalamu mpya. Mwaka uliofuata alihama. Nilisoma hadi mwisho, kama ilivyoamriwa, na leo mimi ni mpima viwanja hapahapa Dodoma, ambapo kila mtu anataka kiwanja chake kipimwe jana. Nasifiwa kwa haraka yangu. Wateja wanaponisifu nainamia vifaa vyangu, hawajui kwa nini.

Sasa karatasi ya arobaini ilikuwa mkononi mwangu, sakafuni kwa Baba, ndani ya daftari la Baba. Niliwaachia koti lao la mvua nikawasha gari.

Dada Nyemo nilimkuta kati ya mistari ya zabibu, anapogoa. Amenenepa, ana wajukuu wa Shangazi wanaomwita mama, na mashamba ya jirani humwita aje kutazama majani, kwa sababu huona ukungu wa zabibu siku kadhaa kabla ya mtu mwingine yeyote. Shangazi aliniambia hayo kwa fahari zamani, nami nikabadilisha mazungumzo. Nilimwamkia, nikamwonyesha karatasi, na yote niliyotakiwa kuyasema sebuleni miaka ile nikayasema pale shambani, vibaya, nikirudiarudia. Alimaliza tawi alilokuwa analikata.

"Baba alikuja hapa," alisema. "Mwaka ule ule, baada ya mavuno. Aliiona ukutani kwangu, akaona pembe."

"Akasema nini?"

"Aliuliza, hii ni yako? Nikasema ndiyo. Akauliza, na zile zote? Nikasema ndiyo. Akanywa chai."

"Halafu?"

"Akaiomba. Nikamwambia haijaisha. Akasema ataichukua hivyohivyo."

"Alijua!" Nilipiga kelele mpaka watoto wakatoka nyumbani. "Alijua miaka yote hiyo, akaona heri wewe ukae huku kuliko yeye kubadilisha neno? Na wewe ukanyamaza? Mlinyamaza wote wawili?"

Dada Nyemo alinitazama kwa muda wake.

"Watatu," alisema.

Aliipangusa mikono kwenye kanga, akachukua karatasi, akaigeuza nyuma kuona mafuta yametokeza wapi. Akaniuliza kama nina penseli. Ninayo siku zote, ni kazi yangu. Ninayo hata karatasi ya plastiki ya grafu, nikamletea kutoka kwenye gari, naye akaingia stoo na kuuvuta mlango ukabaki wazi kidogo. Nilikaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa. Simu ililia, mteja, kiwanja, haraka. Nikaizima. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine, watoto walikula, wakaniletea chakula, wakakiondoa. Mara mbili nilitaka kusimama nikamuulize kama bado. Sikusimama.

Jioni alitoka, anapepesa macho.

"Imeisha," alisema. "Hesabu."

Nilihesabu pembe zote, kila jozi kumi, za zamani zilizofifia na mpya, nikaongeza mistari iliyobaki, kisha nikahesabu tena. Miraba mia mbili na kumi na nne. Mbele ya namba ya karatasi hiyo, kwenye jedwali langu la wino, nilikuwa nimeandika hakuna kitu.